Kahawa ya Walinzi

Walinzi wa mtaa walikusanyika na marungu uani kwa kina Raya. Binti huyo alikuwa amebakwa, nao walikuwa wanakwenda kumkamata Mkude, mwendawazimu wa jalalani.

"Si mwingine," alisema mlinzi mmoja. "Mtu mwenye mke na watoto afanye hayo?"

Desturi yao ni kunywa kahawa kwanza kwa mwenye msiba. Raya alilichukua dele la kahawa mkononi mwa mama yake, akammiminia kila mmoja. Alipofika kwa Bwana Shaha, mwenyekiti wao, alikifudikiza kikombe chake kwenye sinia.

"Mwanangu, umechoka," mwenyekiti alisema kwa upole.

"Sijachoka, ami. Ni wewe uliyefanya hayo."

Mlinzi mmoja aliweka rungu chini. Wengine bado waliitazama njia ya jalalani.