Atakayepiga Kelele

"Chomoa, fundi," alisema Hajji, mwenye jengo, fimbo mkononi. "Atakayepiga kelele ndiye mwizi wa intaneti yangu. Wallahi, leo leo anahama!"

Fundi Wagdi alichutama mbele ya swichi ya intaneti, juu ya paa lile la mtaa wa Shubra. Nyaya za wizi zilikuwa mbili, naye Hajji alikuwa amenusa mmoja tu. Mmoja ulishuka kwa mjane wa ghorofa ya chini. Wa pili uliishia kwa Wagdi mwenyewe.

Kidole chenye jasho kilisita, kisha kikabana kichwa cha waya wa mjane, akauchomoa. Tik. Taa ya kijani ikazimika.

Wakatega masikio. Njiwa tu ndio waliokuwa wakiguna bandani.

Dirisha la chini likafunguka kwa kishindo.

"Wagdi, mwanangu!" aliita mjane. "Njoo unitazamie, ule waya ulionivutia umekufa!"