Shemasi na Mtutu Mfupi

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, kalamu ya Virgil Cothran ilikwama kwenye swali lile lile la fomu: *Je, unaikimbia sheria?*

"Andika hapana, mzee!" alisema mkewe, Nadine, akigeuza nyama kikaangoni. "Wewe ukichelewa ibada dakika mbili unatokwa jasho. Unamkimbia nani?"

Virgil akaandika hapana. Mwandiko ulipinda kidogo.

Chanzo cha yote kilikuwa nguruwe mwitu. Walikuwa wamelivamia shamba lake la viazi vitamu, na kila alipokurupuka kutoka kwenye pikapu ili awafyatulie, mtutu wa bunduki ulinasa mlangoni. Nguruwe waliondoka bila haraka, wengine bado wakitafuna. Mji mzima wa Pine Notch ulimcheka, isipokuwa Mkuu wa Polisi wa kaunti, Wendell Stubblefield, ambaye alimfuata pale mgahawani na kumpa ushauri.

"Fupisha mtutu, ndugu yangu. Inchi kumi na mbili zinakutosha. Ila ukishuka chini ya kumi na sita, lazima uombe kibali serikalini kwanza. Usiguse msumeno kabla ya karatasi! Alama za vidole wanazozitaka nitakuchukua mimi mwenyewe, bure."

Mtu mwema kweli, mkuu yule. Mwaka huo peke yake alikuwa amewashawishi wanaume kumi na wanne wa Pine Notch wafupishe bunduki zao, akiwemo mzee Gaines, ambaye hakuwa na bunduki na ikabidi anunue kwanza.

Virgil alikuwa shemasi kwa miaka ishirini. Kibali kikikataliwa, habari zingefika kanisani kabla yake, na huo ushemasi angeusikia kwa wenzake. Kwa hiyo aliijaza fomu kwa unyenyekevu wa mtu aliyeitwa mbinguni kuhojiwa. Picha aliipiga mara mbili, kwa sababu ya kwanza alitabasamu. Mtutu aliupima kwa fito, akaupima tena, kisha akamwamsha Nadine aje kuwa shahidi. Hata maneno ambayo sheria inataka yachongwe ubavuni mwa bunduki, yaani jina lake na mji wake, aliyaandika kwanza kwenye karatasi ya mazoezi.

"Hakikisha umepatia," alisema Nadine. "Jina langu ulilikosea kwenye barua ya uchumba."

Siku ya alama za vidole alivaa suti. Ukutani ofisini kwa Stubblefield zilining'inia riboni za buluu za ushindi za mama yake mkuu huyo, Bi Opal, bingwa wa pai katika tamasha la kanisa, kila riboni na mwaka wake. Kati ya 1987 na 1989 palikuwa na msumari mtupu. Virgil alitazama viatu vyake.

"Legeza mkono, Bwana Cothran. Hatuvuni kidole, tunakichapa tu."

Mkuu alivichapa vidole vyote taratibu, akiimba puani. Alipomaliza kadi mbili, alichukua ya tatu na kukirudia kidole gumba cha kulia.

"Maagizo yanataka kadi mbili," alisema Virgil, aliyekuwa ameyasoma mara kumi na moja.

"Hii ni ya akiba. Na kovu hili?"

"Mashine ya kufunga majani ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na tano."

"Pole sana," alisema mkuu, akaipuliza ile kadi ya tatu ikauke, kwa upole uliomshangaza Virgil.

Zikapita wiki tisa. Virgil alikonda. Nguruwe walimaliza viazi wakahamia kwenye maboga, naye akawa anawatazama tu kutoka dirishani, bunduki ikiwa kabatini, kwa kuogopa asije akaharibu jambo.

Alhamisi jibu likaja. Alilisoma amesimama, halafu akalisoma amekaa.

"Imeidhinishwa! Nadine! Serikali nzima imenichunguza, haikuona hata doa!" Machozi yalimtoka. Alimkumbatia mkewe, akaikumbatia bunduki, akaenda kuchukua msumeno.

Kabla jino la kwanza halijagusa chuma, gari la Stubblefield liliingia uani. Virgil alitoka mbio, karatasi juu.

"Mkuu! Nimepita! Mimi ni msafi!"

Stubblefield hakuitazama karatasi. Alilaza juu ya boneti ile kadi ya tatu, na kando yake sahani ya bati ya kuokea pai, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ukingoni mwa sahani kulikuwa na jamu ya beri iliyokauka ikawa nyeusi kama lami, na katikati ya jamu, safi kabisa, alama ya kidole gumba chenye kovu.

Kioo cha gari kikateremka. Bi Opal, miaka tisini na miwili, alichungulia nje na kumkazia macho shemasi.

"Mwaka ule wa 1988 waamuzi walikuta sahani yangu tupu, mwanangu," alisema. "Miaka yote hii najiuliza. Sukari ilizidi?"