Mkate wa Baba Noela

Mbwa aliunusa ule mkate, akamtazama Kajetani usoni, kisha akaondoka zake.

Kajetani akabaki ameinama nyuma ya banda la kuku, mkate mkononi. Na mbwa huyu alikuwa akila hata sabuni.

Yote yaliletwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alizungumza kwa kirefu na mkewe, Lidwina, Kajetani akiwa nje amenuna kwa sababu ya sindano. Lidwina alitoka na habari: ugali basi, chapati basi, maandazi basi. La sivyo macho yake, ambayo tayari yalikuwa yanaona ukungu, yangezima kabisa. Hapo Kajetani aliogopa kweli.

Na uchungu wenyewe ni huu: miaka yote ya foleni, unga wa ngano ulitafutwa kwa tochi. Sasa biashara imeachiwa huru, maduka ya Songea yamejaa unga mpaka barazani, ndipo yeye anakatazwa.

Badala yake Lidwina alimwokea mkate wa karanga, mbegu za maboga na mayai, na magadi kiganja kizima. Siku nyingine mchanganyiko uleule aliufanya chapati za maji, zikatoka ngumu kama soli ya kandambili. Ajabu hiyo, maana maandazi ya mwanamke huyu yaligombaniwa na jumuiya nzima pale Bombambili.

"Ni dawa, Baba Noela," alisema. "Dawa hairambiwi vidole."

Kajetani hakuthubutu kuukataa. Mke anayekupigania macho humwambii kwamba mkate wake una ladha ya betri. Alisema atakula baadaye, akautia mfukoni mwa koti.

Kuutupa ndiko kulikokuwa na kazi. Alipouzika kwenye shimo la taka, jirani yao Hilda alipiga hodi nao mkononi: "Mama Noela, mkate wenu huu umeanguka." Alipouacha kichochoroni, Mzee Bakili mwenye genge la mboga aliuleta, keshaupangusa vumbi. Mtaa mzima uliujua mkate ule, na watu wa Bombambili hawaachi chakula cha mwenzao kipotee. Lidwina alishukuru kila mara, akaupasha moto.

Ikabidi uende mbali, msituni Matogoro. Sasa hapo pana jambo. Tangu shirika alilokuwa meneja wake livunjwe na Land Rover ya ofisi ipigwe mnada, Kajetani hakuwa ametembea. Hata kanisani alipakiwa kwenye baiskeli. Mtu wa heshima kwenda kwa miguu mjini, alisema, ni kutangaza njaa. Lakini kwa ajili ya kuukimbia mkate ule angefika hata Msumbiji.

Kila asubuhi aliaga kwamba anakwenda kutazama shamba, akapanda mlima akihema, akaurusha. Siku za kwanza nyani waliuokota na kumrushia. Akajifunza kupanda mpaka juu zaidi ya nyani.

Mvua zilipokatika, walirudi kwa daktari. Suruali ya Kajetani ilikuwa imefungwa kwa kamba. Daktari alipima, akapima tena, akampa mkono. Sukari imeshuka, na macho yake sasa yalisoma kalenda ya ukutani bila shida.

"Ni mkate wa mke wangu," Kajetani alisema, machozi yakamlengalenga kwa aibu. Siku hiyo alimpenda Lidwina kuliko siku ya ndoa. Akaapa moyoni kwamba siri ya Matogoro ataingia nayo kaburini.

Jioni Hilda alikuja jikoni kwa Lidwina kuomba kufundishwa kuoka mkate ule. Mume wake, Otto, naye alikuwa amepimwa na kukutwa na sukari.

"Daktari kakwambiaje?" Lidwina aliuliza.

"Yaleyale aliyokwambia wewe. Atembee kila siku, basi. Otto huyu ninayemjua mimi, dada? Hata maji ya kunywa anapelekewa kitini."

Lidwina akamsogezea kopo la magadi.

"Wewe tia viganja viwili. Akiutupa hapa mtaani, mimi na Mzee Bakili tutaurudisha."