Posa Siku ya Ligi

Siku ligi ilipofunguliwa, Bi Kibibi aliamka amechangamka kama mtoto siku ya Idi. Aliipiga pasi jezi ya kijani ya timu yake, akaivaa hata kabla ya chai. Ndipo mumewe, Shekue, alipomwambia kwamba wageni wa posa ya binti yao watakuja alasiri hiyo hiyo.

"Siku zote hukuziona, ukaiona hii?"

"Mpira ni mchezo tu, mke wangu. Hii ni heri ya mtoto."

"Na huyo mtoto ulimuuliza?"

Shekue akaenda kupanga viti vya wageni. Bi Kibibi akajitanda kanga juu ya jezi, akapika kahawa huku akibamiza vifuniko vya masufuria. Wageni walipokwisha kuketi, uwanja wa jirani ulilipuka kwa kelele za bao. Bi Kibibi akalitua sinia la kahawa mbele ya mumewe kwa kishindo.

"Haya, wakirimu wageni wako."

Akaivua kanga mlangoni, akatoka kuelekea uwanjani. Hakuwa amefika mbali aliposikia sauti ya binti yake.

"Mama, nisubiri!"

Aligeuka. Ramla alikuwa akija mbio, pekupeku, gauni jipya amelikunja magotini, na nyuma yake baba na wageni wamesongamana mlangoni.