Pipa la Sebuleni

Pipa letu limerudishwa ndani, nami nimeshatapika mara mbili. Ndiyo sheria ya mtaa: ukichanganya mabaki ya chakula na plastiki, unarudishiwa pipa lako, likae sebuleni bila kifuniko mpaka wazoa taka watakapojisikia kuja kulichukua. Ukilisogeza hata kidogo, linapiga king'ora.

Aliyetuponza ni mama mkwe. Alifunga matumbo ya samaki ndani ya pakiti ya maziwa, akaisokomeza kwenye pipa la taka za plastiki. "Sasa nianike taka, majirani waone tumekula nini?" aliniuliza. Kwake hiyo ndiyo sitara. Haya, sasa funza wanapanda ukutani, na maji meusi yanachuruzika hadi kwenye mkeka.

Na leo wazazi wa Shamte walikuwa waje kumposa binti yangu, Mwanahawa. Nikafukiza udi. Uvundo ukachanganyika nao, ukawa mtamu kooni.

Wageni wakaingia. Mama yake Shamte, mwanamke nadhifu mwenye baibui jipya, akakaa palepale kando ya pipa, akachukua kitumbua. Funza akapanda sahani yake. Akampangusa kwa kidole, akaendelea kutafuna.

"Mtuwie radhi kwa harufu hii, mama," nikasema, mkono puani.

Akanusa, akatazama huku na huku.

"Harufu gani, mwenzangu? Mbona hapa ni kama kwetu tu!"

Mlangoni, Mwanahawa alishusha upindo wa kanga aliokuwa amejiziba nao pua, akavuta pumzi, akatabasamu.