Utaifuta We Mwenyewe

"Geuka kwanza, mutoto yangu. Mi sitaki mutu aone."

Rachid aligeuka, akautazama ukuta wa duka lake la fotokopi. Waya wa intaneti alikuwa ameshauchomoa, mama yule mgeni akiona kwa macho yake. Ukurasa wa kugeuzia picha ulibaki wazi kwenye kompyuta, na picha za mama, kutoka kwenye simu yake iliyochomekwa kwa waya, zilikuwa zinageuzwa PDF humo humo ndani ya mashine.

"Haziendi popote, mama. Koneksiyo hakuna. Hata mi sioni kitu."

"Na nani alikufundisha kuchunga siri ya watu hivi?"

Swali lilimchoma. Mama alikuwa mgeni, angejuaje? Mwaka jana seremala Husni alileta picha za karatasi zake za hospitali, na Rachid, badala ya kuzigeuza tu akanyamaza, alizisoma. Akamwambia rafiki mmoja, tena kwa kunong'ona. Wiki haikuisha, soko zima la Gitega likawa linajua kwamba Husni hawezi kupata mtoto. Husni alifunga karakana akahamia Ryansoro, na siku ya kuondoka alimpa Rachid mkono kama kawaida. Heri angemtukana. Aibu ile ilimganda mwilini. Mpaka leo akisikia watu wanacheka barazani hudhani wanamcheka yeye.

Ndiyo maana alihangaika mpaka akapata ukurasa huu wa kugeuza picha bila mtu kuziona. Alitaka kuwa mtu mwingine, na alitaka upesi. Posa yake ilikuwa Muyinga, kwa kina Layla, na wazee wa huko walikuwa wamejibu kwa adabu kwamba wapewe mpaka Ijumaa, waulizeulize kwanza kijana ni mtu wa namna gani. Siku hiyo wazee wa Rachid wangesafiri kufuata jibu. Watu wa Muyinga wakiuliza Gitega, wataambiwa nini kama si habari ya Husni?

"Voilà, imeisha," mama alisema. "Na kwenye simu imeingia."

Rachid aligeuka. "Subiri kidogo nifute ile imebaki hapa kwenye mashine."

"Gari itaniacha." Mama alijifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Utaifuta we mwenyewe. Mi nakuamini."

Akatoka.

Maneno yale yalimpa Rachid raha ambayo hakuwa ameionja mwaka mzima. Nakuamini! Alikaa, akalitafuta faili, akalikuta: kurasa tatu. Mshale akaupeleka kwenye kufuta.

Mkono ukasita. Yale machozi yalikuwa ya nini? Ugonjwa? Talaka? Akajikemea. Kisha likamjia wazo lililoonekana la heshima kabisa: je, kama kurasa zimetoka kichwa chini? Mama wa watu atazipeleka ofisini, achekwe. Kutazama kama zimekaa sawa si kusoma. Fundi gani anaachia kazi bila kuikagua?

Aliinuka akafunga mlango. Alijiuliza mwenyewe kwa nini afunge mlango ikiwa kazi ni safi, uso ukamwaka moto, lakini hakuufungua. Akarudi kwenye kiti, akasema astaghfirullah, akalifungua faili.

Kurasa zilikuwa zimekaa sawa. Zilikuwa picha za karatasi za daftari, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu anayetaka asomeke bila taabu.

Ukurasa wa kwanza: "Rachid, mi ni shangazi yake Layla."

Wa pili: "Habari ya Husni tuliisikia. Mi niliwaambia kijana anaweza kubadilika, muniache niende nione mwenyewe."

Wa tatu: "Kama unasoma hii, waambie wazee wako wasijichokeshe na safari ya Ijumaa."