Wimbo wa Kusindikiza

Miaka thelathini ilikuwa imepita Mwalimu Zakayo aliporudi katika mji ule. Aliwakuta watu makaburini, wanawake wakiimba wimbo wa kusindikiza maiti. Akafumba macho kwa furaha. Ni ule ule aliomrekodi hayati Bibi Nyanjige akiuimba, mtu wa mwisho aliyeujua, kisha Zakayo akawaachia wanawake wa mji kanda wajifunze. Katika wimbo, marehemu aliaga nyumbani, akavuka mto, akapanda kilima, akafika mlangoni kwa babu zake, akabisha hodi.

Hapo wanawake wakanyamaza, wote kwa pamoja. Wanaume wakaanza kufukia.

“Mbona mmekatiza?” Zakayo alimuuliza mama aliyekuwa akiongoza.

“Tumekatiza nini, Mwalimu? Si ndipo unapoishia? Sikiliza kanda yako mwenyewe.”

Zakayo akakumbuka. Siku ile ya kurekodi kanda ilimwishia, akainua mkono kumzuia bibi.

“Inatosha, Bibi.”

Kikongwe alimkodolea macho. “Inatosha vipi, mjukuu wangu, na bado hajafunguliwa mlango?”

Zakayo akageuka. Makaburi ya miaka thelathini yalijipanga safu kwa safu mpaka bondeni, na wote waliozikwa humo bado wamesimama nje.